Safari Tano Zilizobadilishwa

Mashine ya faksi ilikataa kutoa ushahidi dhidi ya Dinah, na Inspekta Katuku akaiuliza mara ya pili asije akasemwa kwamba hakusikia vizuri.

Alikuwa katika ofisi ya kampuni ya malori ya Jaffar na Wanawe. Alibonyeza kitufe, ikatema tena ripoti ya faksi zote ilizotuma tangu Julai. Karatasi yenyewe ilikuwa laini, yenye tabia ya kujikunja, akailaza mezani na kuibana kwa kikombe cha chai upande mmoja na stepla upande wa pili. Kisha akatoa rula. Katika kituo cha polisi cha Voi walimwita Mama Rula, nyuma ya mgongo wake bila shaka, kwa kuwa hakusoma orodha yoyote bila kuweka rula chini ya mstari. Alikijua hicho kijina na hakikumsumbua. Kuna maafisa walioitwa majina mabaya zaidi kwa sababu nzuri zaidi.

Tarehe 27 Agosti 1998, siku lori la tatu la Jaffar na Wanawe lilipoporwa karibu na Maktau, mashine ilikuwa imetuma faksi mbili tu, zote Mombasa, zote baada ya saa nne. Alfajiri haikutuma kitu.

Lakini kulikuwa na kile kipande cha karatasi. Askari walikiokota kwenye nyasi, hatua kumi kutoka lilipoachwa lori tupu. Kilikuwa nusu ya chini ya karatasi ya faksi, kimechanwa vibaya. Kilionyesha namba ya lori, jina la dereva Mbuvi, shehena ya tairi mia moja na ishirini, saa ya kuondoka, na chini kabisa maandishi haya: DINAH 06:12. Mkuu wa kituo alikitazama mara moja tu, akaagiza karani akamatwe. Katika uporaji ule utingo alikatwa panga begani, kwa hiyo shitaka lilikuwa wizi wa mabavu. Wizi wa mabavu hauna dhamana, na mwisho wake ni kitanzi. Dinah angesomewa shitaka lake kesho, Ijumaa, saa tatu asubuhi, na baada ya hapo mambo yangetoka mikononi mwa Katuku.

Alikuwa amemhoji asubuhi hiyo hiyo. Dinah alikuwa binti wa Mwatate mwenye miaka ishirini na sita, karani wa kampuni hii kwa miaka minne. Alitoka seli peku. Viatu vyake vilikuwa vimewekwa nyuma ya kaunta pamoja na mkanda na vibanio vya nywele.

"Nani anajua paswadi ya kompyuta?" Katuku alimuuliza.

"Mimi peke yangu, madam."

"Mzee Jaffar je?"

"Mzee hajawahi kugusa hiyo kitu. Yeye anasimama nyuma yangu, ananiambia andika hivi, toa ile. Mimi naandika."

"Hii faksi ulimtumia nani?"

"Sijatuma. Mimi nikituma faksi natumia mashine, na mashine inaweka kwa ripoti yake. Angalia ripoti, madam. Utaona."

"Basi jina lako linafanya nini hapa?"

Dinah aliweka kidole kwenye jina lake. "Hiyo ndio inanimaliza. Kompyuta inaweka jina langu yenyewe nikirekebisha safari. Jina na saa, ndio ijulikane nani alirekebisha. Lakini inakaa huko ndani, na kwa orodha ya mwezi. Mimi sijawahi kuiona kwa karatasi ya faksi."

"Kuna jambo lolote geni umewahi kuona pale ofisini? Hata dogo."

"Hakuna." Akafikiri. "Labda ile sanduku ndogo ya simu iko kando ya kompyuta. Kuna siku nikimaliza kurekebisha, taa zake zinacheza. Nilimwambia Mzee. Akasema niache, ni mambo ya stima."

Katuku aliandika *taa zinacheza* akapiga mstari chini yake, kwa rula. Akaomba paswadi. Dinah akaiandika papo hapo. Katika miaka kumi na tisa ya kazi, Katuku alikuwa amegundua kwamba mwenye hatia huuliza kwanza unaitaka ya nini.

Sasa mlango wa ofisi ukafunguka na Mzee Jaffar akaingia, kofia yake ya vito imenyooka, kanzu nyeupe, uso wa mtu ambaye hajalala vizuri. Alikuwa mwenye kampuni, mwenye malori sita, na ndiye mlalamikaji.

"Bado wahangaika na mashine, mwanangu?" alisema, akakaa. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto yule n'limlea hapa. Mamake alipougua, gari langu ndilo lililompeleka hospitali. Leo aniuza kwa majambazi."

"Mzee, una hakika gani kuwa ni yeye?"

"Hakika ni kwamba siku za safari zile zilijulikana na watu wawili tu, yeye na mimi. Nami sikujiibia."

"Dereva?"

"Dereva huambiwa nusu saa kabla. Mbuvi huyo hupata habari akiwa ang'ang'ana na chapati yake."

"Nieleze mnavyofanya. Tangu mwanzo, bila kuruka."

Jaffar alivuta pumzi kama mtu anayeulizwa namna ya kuosha mikono. "Safari haitangazwi, mwanangu. Marehemu babangu hakupata kumwambia mtu asafiri lini, hata mkewe. Watu wana macho, na jicho la hasidi halina dawa. Basi mimi nikiwa na mzigo wa maana hutaja siku ya uongo. Nitamwambia Dinah, andika Jumatatu. Wapakiaji wajue Jumatatu, walinzi wajue Jumatatu, na majirani pia. Kisha Alhamisi, nikitoka msikitini alfajiri, nakuja moja kwa moja hapa. Dinah, futa Jumatatu, andika leo, saa mbili. Lori laondoka watu wamekodoa macho yao kwa Jumatatu."

"Na mizigo isiyo ya maana?"

"Saruji? Chumvi? Hizo twaandika siku yake ya kweli toka mwanzo. Nani atahusudu saruji?"

Katuku aliivuta rula karibu. Kisha akamwomba orodha ya safari zote za Taveta tangu Januari, ile ambayo Dinah aliichapa kila mwisho wa mwezi. Zilikuwa safari arobaini na moja. Safu ya mwisho upande wa kulia ilikuwa ya masahihisho: kama safari ilibadilishwa baada ya kuandikwa, palikuwa na jina na saa, na kama haikubadilishwa, palikuwa patupu. Rula ikaanza kushuka. Patupu, patupu, patupu. Februari, sigara: DINAH 06:09. Aprili, saruji: DINAH 10:40.

"Saruji mliibadilisha kwa nini?"

"Dereva alifiliwa, akapanda Wundanyi kuzika. Tukaweka jina la mwingine."

Juni, betri za gari: DINAH 06:15. Julai, chumvi: DINAH 14:02, kwa sababu springi ya lori ilivunjika. Agosti, tairi: DINAH 06:12. Katuku akahesabu, akahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Kati ya safari arobaini na moja, tano zilibadilishwa. Zilizoporwa zilikuwa tatu, na zote tatu zilikuwamo katika zile tano. Mbili zilizobaki zilibeba saruji na chumvi, na jambazi gani atajisumbua kushusha saruji porini.

"Waona?" Jaffar alisema. "Kila palipo na jina lake, pana msiba."

"Naona," Katuku alisema. Lakini rula yake ilikuwa imerudi nyuma ikasimama mwezi wa Mei. "Tarehe kumi na mbili Mei. Sigara, katoni mia tatu. Safu ya masahihisho ni tupu. Huu si mzigo wa maana?"

"Wa maana sana. Lakini n'likuwa Mombasa, harusi ya mpwa wangu Firdaus. Dinah aliandika mwenyewe siku ya kweli, kavu kavu. N'liporudi nikamgombeza hata akalia."

"Lori lilifika?"

"Lilifika salama."

"Sigara zilikuwa nyingi kuliko za Februari?"

"Mara mbili."

"Na nani alijua siku yenyewe?"

"Dinah..." Mzee alianza, akaishia hapo.

Katuku aliiweka rula chini. "Mzee, tufikiri pamoja. Wewe uko harusini. Shehena kubwa kuliko zote za mwaka huu imepangwa na Dinah peke yake, na hakuna wa kumchungulia. Kama yeye ndiye anayewauzia majambazi habari, ile ndiyo angeiuza kwanza. Lakini ile ilipita kimya. Anayewaambia hazijui safari zako. Anajua mabadiliko yako tu."

Jaffar aliivuta orodha karibu, akausoma upya mstari wa Mei. Nje lori lilipiga honi na mtu akacheka.

Saa tano Alvin aliwasili kwa basi kutoka Mombasa. Alikuwa fundi kijana aliyeiweka programu ya safari kwenye kompyuta miaka miwili nyuma, na hadi asubuhi hiyo jina lake ndilo lililokuwa juu katika daftari la Katuku, kwa sababu fundi hubaki na ufunguo wa nyumba aliyoijenga. Alijua anashukiwa. Jasho lilikuwa limemshika hata kwenye kope.

"Madam, mimi sijui kitu," alisema kabla ya kukaa. "Niliweka program, nikafunza Dinah, nikaenda. Hata kama ningetaka kuangalia hizi safari nikiwa Mombasa siwezi. Hii machine haijaunganishwa na kwangu."

"Imeunganishwa na kwa nani?"

"Hakuna mtu."

"Hako kasanduku kenye taa ni ka nini?"

"Hiyo ni modemu. Kompyuta ikitaka kupiga simu, inapitia hapo."

"Kompyuta inapiga simu?"

"Ikiambiwa. Inaweza kutuma faksi yenyewe bila kupitia ile mashine ingine."

Katuku na Jaffar walitazamana. Katuku akauliza polepole sana: "Na faksi ikitumwa hivyo, ripoti ya mashine ya faksi itaionyesha?"

"Hapana, itajuaje? Haijapita kwake."

"Ikituma, haipigi kelele?"

"Inapiga, tena mbaya. Lakini nilizima spika." Alvin alimtazama Mzee kwa haya. "Mzee alisema inamsumbua asubuhi akisoma uradi."

"N'lisema wanyamazishe hicho kijogoo," Jaffar alikiri. "Sikusema kiendelee kuwika kwa siri."

"Alvin," Katuku alisema, "nionyeshe kila kitu ambacho kompyuta hii imeambiwa ifanye bila mtu kuiamuru. Kila kitu. Usiniambie unachokumbuka, fungua nione kwa macho."

Alvin aliingia kwa paswadi ya Dinah, akapita vyumba viwili vitatu vya programu ambavyo Dinah mwenyewe hakuwahi kuingia, akafika kwenye ukurasa wenye mstari mmoja tu. Akauangalia. Akajishika kichwa.

"Woi. Hii nilikuwa nimesahau kabisa."

"Isome kwa Kiswahili."

"Ni Waleed aliniitisha hii, ninety-six. Kijana wa Mzee. Alikuwa anasimamia duka la Taveta, anapokea malori. Alikuwa na orodha ya mwezi, kwa hivyo safari mpya hazikumsumbua. Shida yake ilikuwa Mzee anabadilisha siku na yeye hajui. Lori linafika na hana wa kushusha. Akasema, Alvin, nataka yale yanabadilika pekee, na nisingoje mtu akumbuke kunipigia. Basi nikaweka sheria." Alifuata mstari kwa kidole. "Rekodi ya safari ikiguswa, kompyuta inalinganisha vile ilikuwa na vile iko sasa. Ikiona tofauti, inachukua hiyo rekodi moja, inatoa nakala, inaifanya faksi, inapiga namba. Hakuna mtu anabonyeza kitu. Ukiandika safari mpya haishtuki. Ni ukibadilisha tu."

Katuku alikuwa akiandika mbio. Jambo hilo, kwake, halikuwa geni hata kidogo. Katika kitabu cha matukio cha kituo, mistari elfu hupita bila mkubwa yeyote kuisoma. Lakini konstebo akifuta neno moja, kila jicho hukimbilia pale palipofutwa kuuliza kulikuwa na nini. Kompyuta hii ilikuwa imefunzwa tabia ile ile ya wakubwa wa kituo.

"Namba gani?"

Alvin aliisoma. Hakuwa amemaliza tarakimu za mwisho Jaffar alipoinuka kitini.

"Hiyo ni simu ya duka letu la Taveta. Duka tulilifunga Januari, Waleed alipokwenda Dubai."

"Mliifunga na simu?"

Katuku aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo. Laini ya simu Taveta mwaka ule ilikuwa kitu cha kurithiana. Mtu aliyeomba mpya alingoja hata akasahau kwamba aliomba. Kwa hiyo hakuna mwenye akili aliyerudisha laini alipohama. Aliiacha ukutani, na anayeingia dukani akaingia na simu pia, kwa jina lile lile la zamani.

"Tulimwachia mpangaji mpya," Jaffar alisema. "Thadeus, auza vipuri vya baiskeli. Duka, laini, na mashine ya faksi pale pale mezani. N'liona nimemfanyia hisani."

Aliketi tena, taratibu. Katuku alimwona akihesabu kwa vidole juu ya goti: Februari, Juni, Agosti. Kila alipotaka kuificha safari, aliitia siku ya uongo. Kila alipoondoa uongo na kuweka kweli, kompyuta iliona badiliko, ikampigia Thadeus na kumpa ile kweli yenyewe pamoja na saa yake. Mizigo ambayo Mzee hakuihofia haikuwahi kutajwa popote.

"Mimi ndiye niliyewaambia," alisema kwa sauti ndogo. "Astaghfirullah. Kwa ulimi wangu mwenyewe."

"Bado ni maneno," Katuku alisema. "Mkuu wangu ana karatasi yenye jina. Mimi nina mstari kwenye skrini. Labda Thadeus huokota hizo faksi akawashia jiko. Lazima nione anazifanyia nini."

Akanyanyua simu, akaomba kituo cha polisi cha Taveta. Konstebo Kitheka alikuwa kule tangu Jumatatu, akizitafuta zile tairi madukani bila kufanikiwa. Katuku alimpa maelezo mafupi na kumfanya ayarudie.

"Naingia dukani saa nane kamili, afande," Kitheka alirudia. "Nimevaa kiraia. Naulizia tyubu ya baiskeli. Karatasi ikitoka kwa mashine, siongei, naangalia tu inaenda wapi. Wenzangu wawili wako nje."

"Na tyubu usiinunue upesi. Lalamika."

"Hiyo naweza, afande. Mimi ni mteja mgumu kwa asili."

Saa nane kasoro dakika tano, Katuku alimwambia Alvin awashe spika ya modemu. Kisha waliunda safari ya uongo: lori namba nne, betri mia mbili, dereva Mbuvi, kuondoka Jumatatu. Alvin aliihifadhi, wakangoja. Hakuna kilicholia. Zile taa ndogo zilikaa zimezimika, na feni ya dari ikaendelea kugonga.

"Mpya haishtuki," Alvin alinong'ona.

Saa nane na dakika tatu Katuku akamgeukia Mzee. "Sasa sema unavyosema siku zote. Simama pale pale unaposimama."

Jaffar alisimama nyuma ya kiti. "Futa Jumatatu. Andika kesho, saa mbili asubuhi."

Alvin aliandika, akabonyeza. Sekunde mbili zikapita. Kisha kile kisanduku kikawaka taa zote kwa mpigo, kikapiga tarakimu moja baada ya nyingine, kikalia mlio mkali wenye mikwaruzo uliomfanya karani wa stoo afungue mlango kuuliza kumeungua nini. Uliendelea kwa dakika moja na nusu. Mzee Jaffar aliusikiliza wote huku ameuinamisha uso, mkono juu ya mgongo wa kiti cha Dinah.

Walingoja simu kwa dakika hamsini. Katuku alipiga mistari katika ukurasa mtupu wa daftari lake, mistari ishirini iliyonyooka, asiandike kitu ndani yake. Iwapo Thadeus angeitupa karatasi ile jalalani, kesho saa tatu Dinah angesimama kizimbani, na Mama Rula angekuwa na hadithi nzuri tu ya kuwasimulia wenzake.

Simu ilipolia aliidaka kabla ya mlio wa pili.

"Afande, karatasi ilitoka saa nane na dakika sita," Kitheka alisema, akihema. "Aliisoma ikiwa bado kwa mashine. Akaniambia tyubu zimeisha, na mimi naziona nyuma yake zimening'inia kama matumbo. Akafunga duka. Tukamfuata mpaka kwa gereji nyuma ya soko. Akatoa hiyo karatasi akampatia jamaa wa pikipiki asome, akamwambia, kesho saa mbili, betri, mwambie asichelewe kama ile siku ya tairi. Nilisikia na masikio yangu. Tumewashika wote wawili."

"Dukani mmepekua?"

"Tumepekua. Iko faili, afande. Ameziweka vizuri kushinda sisi. Karatasi nne nzima, na moja ya tano imechanwa. Iko nusu ya juu pekee. Ile ya Agosti."

Katuku aliandika *nusu ya juu* kwenye mstari wa kwanza. "Nusu hiyo usiikunje. Iweke kati ya vitabu viwili uilete mwenyewe usiku huu."

Mkuu wa kituo alibisha kwa robo saa nzima, maana hakuna mkubwa anayependa kuambiwa kwamba mshukiwa wake ni kisanduku cha plastiki. Alisema mambo ya kompyuta ni ya kungoja wataalamu. Alisema jina ni jina. Katuku alimwekea orodha mezani na rula juu yake, akamwonyesha Mei. Kisha akampa namba ya Taveta apige mwenyewe amsikie Kitheka. Saa kumi na nusu mkuu alisaini kutolewa kwa Dinah, kwa mwandiko wa mtu aliyekasirishwa na ukweli.

Mzee Jaffar alikuwa amengoja kaunta muda wote huo, amekataa kiti. Dinah alipoletwa, peku bado, alimwona na kusimama mbali kidogo, mikono ameikumbatia.

"Nilikuambia, Mzee," alisema. Hakupaza sauti. "Nilikuambia taa zinacheza."

"Kweli. Wewe uliniambia," Jaffar alisema. "Nami n'kakwambia uache. Nisamehe, mwanangu. N'lizificha safari zangu kwa watu wote duniani isipokuwa kile chombo, kisha n'kakudhania wewe. Nisamehe."

Dinah alimpita. Aliviokota viatu vyake kaunta, akavivaa kimoja kimoja, akiwa ameegemea ukuta. Machozi yalimtoka hapo tu, alipofika kwenye bizimu ya kiatu cha pili, na Katuku akaangalia pembeni kwa adabu.

Kulikuwa na jambo moja limebaki. Katuku aligeuza kitabu cha matukio na kukisukuma mbele ya Mzee, akaweka kidole kwenye malalamiko yake ya Jumanne: *namshuku karani wangu Dinah kwa kuuza siri za safari zangu.*

"Hatuchani ukurasa, na hatufuti maneno yasionekane," alisema. "Kata mstari mmoja juu yake, yasomeke bado. Kisha pembeni weka jina lako na saa, ijulikane nani amebadilisha."

Akampa rula. Jaffar aliiweka katikati ya maneno, akayakata kwa mstari mmoja. Akaweka saini fupi, ile ya haraka aliyozoea kuiweka kwenye stakabadhi, akataka kurudisha kalamu.

Dinah alikuwa amesogea, anatazama juu ya bega lake, pale pale ambapo kwa miaka minne Mzee alisimama akimtazama yeye.

"Andika jina lako lote, Mzee," alisema. "Zile safari zote ulibadilisha, uliweka langu."